Kimya cha unga wa kijani: maongezi kuhusu sumaku za oksaidi kwenye baridi kali

(Haya niliyaongea mbele ya wanafunzi wa fizikia na kemia. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu sehemu nilizojirudia.)

Habari zenu wote, na asanteni kwa kuja. Mliosimama kule nyuma sogeeni, huku mbele kuna nafasi, na kitu nilichoshika ni kidogo, ukiwa mbali hukioni. Ni kichupa chenye unga wa kijani. Huu unga ni oksaidi ya manganizi, MnO, kila atomu moja ya manganizi na ya kwake moja ya oksijeni, na mpangilio wake ndani ni ule ule wa fuwele za chumvi. Mkono huu nina sumaku ya kawaida kabisa. Nasogeza sumaku kwenye kichupa, natembeza ubavuni, mnaona? Unga umetulia vile vile, haujaganda kwenye kioo wala haujasogea.

Sasa sikilizeni. Kila atomu ya manganizi iliyomo humu ni sumaku, tena ukiipima moja moja ina nguvu zaidi ya mara mbili ya atomu ya chuma iliyoko ndani ya msumari. Na nikiupoza huu unga ukashuka chini ya kelvini 118 hivi, yaani kama nyuzi 155 chini ya sifuri, hizo sumaku ndogo zote zinajipanga, safu kwa safu, hakuna hata moja inayokwenda kinyume na utaratibu, halafu nikileta tena sumaku yangu hapo nje bado haitashika kitu. Kimya kile kile. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi karibu kazi yangu yote ya utafiti imekuwa kuutafuta huo mshindo ndani ya vitu vilivyonyamaza namna hii. Leo nataka kuwaeleza tunautafutaje, na kwa nini mara nyingi tunadhani tumeusikia kumbe bado.

Tuanze na joto. Ndani ya fuwele atomu zimekaa mahali pake lakini hazitulii, zinatikisika, na zile sumaku za atomu, tunaziita spini, zinageuka geuka kila upande kama sindano za dira zilizochanganyikiwa. Wakati huo huo kila spini ina maelewano na jirani yake, kuna namna anavyotaka jirani aelekee. Joto likiwa kubwa mtikisiko unashinda, hakuna maelewano yanayodumu. Ukipoza kuna mahali maelewano yanashinda, na kinachonisisimua mpaka leo ni kwamba hayashindi kidogo kidogo kama mtu anayepanda ngazi, kuna joto moja maalum ambapo fuwele nzima inaamua, juu yake nyuzi chache tu hakuna mpangilio wa mbali, chini yake upo, atomu iliyo mwanzo wa fuwele na iliyo mwisho, kati yao mamilioni ya atomu, zote zinafuata utaratibu mmoja bila kuambiwa na mtu.

Kama kila mmoja anaelekea upande mmoja na mwenzake, hiyo ndo sumaku mnayoijua, tunaita feromagneti, na hilo joto la kuamua tunaliita joto la Curie. Lakini kama kila mmoja anataka jirani yake aelekee kinyume, juu, chini, juu, chini, basi jumla ni sifuri, na hiyo ndo antiferomagneti, joto lake tunaliita joto la Néel. Fikirini ukumbi huu wote tunapiga makofi. Tukipiga pamoja aliye nje ya mlango anasikia pigo, pigo, pigo. Sasa nusu yetu tupige na nusu nyingine wapige katikati ya mapigo yetu, utaratibu upo ule ule, labda ni mgumu zaidi hata, lakini aliye nje hasikii pigo la nguvu, anasikia mvumo uliolingana. Atasema humo ndani hakuna mpango. Kumbe upo.

Kuna swali wanafunzi huwa hawaulizi na mimi natamani waulize: hayo maelewano ya majirani yanatoka wapi? Jibu la haraka ni kusema si ni sumaku, zinavutana. Hapana. Ukikokotoa nguvu ya sumaku mbili za ukubwa wa atomu zilizo umbali wa atomu mbili, unapata kitu kinachoweza kushindana na joto la kama kelvini 1 tu. Sasa magnetaiti, lile jiwe jeusi la oksaidi ya chuma ambalo watu wa kale walitengenezea dira, linashikilia mpangilio wake mpaka kelvini 858. Tofauti ni karibu mara elfu moja! Yaani usumaku wenyewe hauwezi kabisa kueleza kwa nini usumaku unajipanga. Na kuna jambo zito zaidi, Hendrika van Leeuwen mwaka 1919, na Niels Bohr kabla yake mwaka 1911, walionyesha kwamba ukifuata fizikia ya zamani peke yake, bila kwanta, yaani zile sheria za chembe ndogo kama elektroni, mwili wowote uliotulia kwenye joto lake hauna usumaku kabisa, unatoka sifuri kamili. Kwa hiyo mkishika sumaku mjue mmeshika kwanta mkononi.

Jibu lilikuja mwaka 1928 kutoka kwa Werner Heisenberg. Elektroni mbili haziruhusiwi kuwa katika hali moja ile ile, na zote zina chaji hasi kwa hiyo zinasukumana kwa umeme. Ukiunganisha hayo mawili unakuta gharama ya nishati ya elektroni inategemea spini zao zimeelekeana vipi. Umeme ndo unaofanya kazi, na umeme una nguvu kubwa mno kuliko usumaku, ndo maana inafika mamia ya kelvini.

Lakini kwenye oksaidi kuna tatizo jingine, na hapa ndo napapenda zaidi. Kwenye huu unga wa kijani atomu za manganizi hazigusani. Katikati kuna oksijeni, na oksijeni ikiwa imeshachukua elektroni zake mbili imeshiba, haina spini yake, haina upande. Sasa manganizi ya kushoto inajuaje manganizi ya kulia imeelekea wapi wakati aliyekaa katikati hana habari na mambo ya sumaku? Hendrik Kramers alilishughulikia mwaka 1934 na Philip Anderson akaliweka sawa mwaka 1950. Oksijeni ina jozi ya elektroni kwenye ule mkono wake unaoelekea pande zote mbili, na wale wawili lazima wawe na spini kinyume. Mmoja anaegemea kidogo manganizi ya kushoto, mwenzake anaegemea ya kulia. Kila upande una sharti lake la namna ya kumpokea huyo mgeni, na kwa vile wageni wawili wako kinyume, basi na wenyeji wanalazimika kuwa kinyume. Oksijeni imebeba ujumbe ambao wenyewe hauihusu. Na pembe ina maana sana, kama manganizi, oksijeni na manganizi zimekaa kwenye mstari mmoja ulionyooka ule ukinzani unakuwa na nguvu, ukikunja mpaka karibu nyuzi 90 mara nyingi unadhoofika au unageuka kabisa spini zinataka kwenda pamoja. Kwa hiyo mkemia akibadilisha atomu moja akaweka nyingine ndogo kidogo, fuwele ikajikunja kidogo, usumaku wote unabadilika. Ndo maana tunazing'ang'ania oksaidi, ni kama una kitufe cha kurekebisha pembe.

Wazo la antiferomagneti lilitoka kwa Louis Néel huko Ufaransa miaka ya 1930, na Lev Landau naye aliandika kitu cha namna hiyo mwaka 1933. Shida ni moja. Unathibitishaje mpangilio ambao jumla yake ni sifuri? Ukipima mvuto kwenye sumaku unapata dalili tu: unapopoza, mwitikio unapanda, unafika kilele, halafu unashuka. Kwa unga nadharia inasema ukifika kelvini sifuri mwitikio utakuwa thuluthi mbili ya ule wa kilele. Ni dalili nzuri, lakini ni dalili ya nje ya mlango. Eksirei nazo hazisaidii sana kwa sababu zinaona chaji ya elektroni na kwa eksirei manganizi ya spini juu na manganizi ya spini chini ni mapacha.

Kilichohitajika ni chembe yenye sumaku yake yenyewe, isiyo na chaji, inayoweza kupita ndani ya fuwele, na mawimbi yake yawe na urefu unaolingana na umbali wa atomu. Nyutroni! James Chadwick alikuwa ameigundua mwaka 1932, na baada ya vita kule Oak Ridge, Marekani, kulikuwa na kinu cha nyuklia kinachotoa nyutroni za kutosha. Mwaka 1949 Clifford Shull na Samuel Smart wakachukua huu huu unga, MnO, wakaupima kwenye joto la kawaida, wakapata vilele, yaani pembe ambazo nyutroni nyingi hutoka pamoja, pale pale eksirei inapovionyesha. Wakaupoza mpaka kelvini 80. Vikatokea vilele vipya, mahali ambapo kwa hesabu ya fuwele hapakutakiwa kuwa na kitu. Ukitaka kuvieleza lazima useme kipimo cha fuwele kimeongezeka mara mbili, kutoka angstromu 4.43 kwenda 8.85 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Atomu hazijahama, sasa nini kimerudiwa mara mbili? Spini. Kutoka spini juu mpaka upate tena spini juu inabidi upite ya chini kwanza, kwa hiyo hatua ni ndefu mara mbili. Walioko nje ya mlango sasa wakawa wanasikia ndani.

Mimi niliiona hiyo grafu yao nikiwa mwaka wa pili na nakumbuka niliitazama muda mrefu sana kuliko nilivyopaswa, maana vile vilele ni vidogo tu, na vinatosha. Néel alipewa Nobel mwaka 1970, Shull akaja kupata yake mwaka 1994 pamoja na Bertram Brockhouse, miaka 45 baada ya ule unga wa kijani. Néel mwenyewe alipokuwa anapokea aliziona antiferomagneti kuwa za kuvutia sana kwa nadharia lakini hazionekani kuwa na matumizi. Ila tayari mwaka 1956 Meiklejohn na Bean walikuwa wamechukua chembe za kobalti zilizofunikwa na ngozi nyembamba ya oksaidi ya kobalti, wakazipoza mpaka kelvini 77 ndani ya uga wa sumaku, wakakuta ile ngozi, ambayo ni antiferomagneti, imeishikilia kobalti isigeuke kirahisi upande mmoja. Baadaye sana, tabaka za antiferomagneti zikawekwa kwenye vichwa vya kusomea diski za kompyuta kufanya kazi hiyo hiyo ya kushikilia. Kile kitu kisichosikika ndo kinachomtuliza jirani yake.

Sasa niwaambie kazi yenyewe ilivyo, maana wengine mnafikiria kujiunga na hili eneo na ningependa mje mkijua.

Unaanza na unga wa oksaidi mbili tatu, unapima kwa mizani mpaka kwenye sehemu za miligramu, unasaga kwenye kinu cha agati, jiwe gumu, kwa mchi wake, unasaga, mkono unauma, unakandamiza unapata kidonge, unaingiza tanuri nyuzi 1200 au 1300 siku nzima au zaidi, unatoa, unasaga tena, unarudisha tena. Ikitoka unapima kwa eksirei kuona kama umepata ulichotaka. Halafu unachukua miligramu kadhaa unaweka kwenye kipimo tunachokiita skwidi, ndani yake kuna kitanzi cha nyaya za supakonda, yaani zinazopitisha umeme bila ukinzani, chenye usikivu wa ajabu, unashusha joto kwa heliamu ya maji maji ambayo Heike Kamerlingh Onnes aliipata kwa mara ya kwanza kule Leiden mwaka 1908, inachemka kwenye kelvini 4.2 na ukinyonya hewa juu yake inashuka zaidi. Unapima unaposhuka ukiwa na uga, unapima tena ukiwa umepoza bila uga, unalinganisha. Hiyo ni wiki moja ya kazi kama kila kitu kimeenda sawa.

Na hapa niseme jambo lililonipata, nalisema kwa sababu lingeweza kumpata yeyote kati yenu. Nilikuwa natengeneza oksaidi yenye manganizi na metali nyingine mbili, muundo ambao niliamini hakuna aliyewahi kuupima kwenye baridi. Skwidi ikaonyesha mruko safi kabisa kwenye kelvini 43. Mistari miwili, ya kupoza na uga na ya kupoza bila uga, ikaachana pale pale. Nilipima mara tatu, ukarudi mara tatu. Nikaandika kurasa za rasimu, nikachora mishale ya spini, nikampelekea msimamizi wangu. Akaangalia ile 43 akaniuliza swali moja tu, umeshaitoa Mn3O4?

Mn3O4 ni oksaidi nyingine ya manganizi, inajitokeza yenyewe tanuri lisipokuwa sawasawa, na ni feromagneti ya aina ya spini zisizolingana, yaani zinapingana lakini upande mmoja unazidi, kwa hiyo inabaki na sumaku ya wazi. Na joto lake la kujipanga ni kelvini 42 au 43. Nikakokotoa, ule mruko wangu wote ungeweza kuelezwa na uchafu wa Mn3O4 chini ya asilimia moja, kiasi ambacho eksirei yangu haikuwa na uwezo wa kukiona. Nikatengeneza sampuli mpya, nikabadilisha hewa ya tanuri, mruko ukapungua mpaka theluthi. Nyingine ya tatu, haukuwepo. Fuwele yangu halisi ilikuwa imenyamaza muda wote na aliyekuwa akipiga kelele ni mgeni asiyealikwa.

Iliniuma, siwafichi. Lakini tangu siku ile nimeelewa kwamba shida ya utafiti huu ni kwamba vitu vyenye mpangilio wa kimya ndivyo tunavyovitafuta, na punje moja tu ya kitu chenye sauti inatosha kuvifunika. Oksijeni ya hewa yenyewe ni mfano. Ikiingia kidogo kwenye kipimo, ikaganda juu ya sampuli, kwenye maeneo ya kelvini 50 utaona nundu nzuri sana, maana oksijeni inaganda kwenye 54 na kubadilisha muundo wake kwenye karibu 44 na tena kwenye 24, na ina usumaku wake. Kuna watu wamehangaika na hiyo nundu miezi. Kibano cha chuma ulichoshikia kidonge nacho kinaacha alama isiyoonekana kwa macho lakini skwidi inaiona, tumieni vibano vya plastiki au vya kauri, na msimwazime mtu wa karakana akavirudisha na vumbi la chuma.

Kwa hiyo mruko kwenye skwidi sio ushahidi, ni tetesi. Ushahidi unauliza fuwele nzima. Kipimo cha kwanza ni uwezo wa kubeba joto. Spini zikijipanga zinatoa entropi, yaani kipimo cha mvurugano, na kiasi chake kinajulikana mapema, kwa manganizi ya kwenye MnO yenye nafasi 6 za spini ni jouli 14.9 kwa kila moli kwa kila kelvini, ukijumlisha eneo lote chini ya kilele unatakiwa uukaribie huo. Uchafu wa asilimia moja utakupa asilimia moja ya hiyo, yaani hutauona kabisa, na hapo ndo uzuri wake ulipo, unaposikiliza namna hii mwenye kelele hana faida. Kipimo cha pili ni muoni, chembe zinazoishi kwa wastani sekunde 2.2 za sehemu ya milioni, unazipiga ndani ya sampuli, kila moja inatua mahali pake inazunguka kwa kufuata uga wa pale pale ilipotua, ikifa inatoa positroni, chembe kama elektroni ila yenye chaji chanya, inayokuambia ilikuwa imeelekea wapi. Kama asilimia moja ya sampuli ndo imejipanga, asilimia moja ya muoni ndo watasema hivyo, tisini na tisa watakanusha. Nikiwa na uwezo ningewapa kila mwanafunzi muoni kabla ya skwidi.

Na nyutroni, bila shaka. Unaandika maombi kwenye vituo vikubwa kama kile cha Grenoble, Ufaransa, unaeleza kwa nini sampuli yako inastahili, unasubiri miezi, ukipewa unapewa siku chache. Unakwenda na gramu kadhaa za unga ambazo umezisaga kwa mkono wako wiki nyingi. Usiku wa kwanza unapima kwenye joto la juu, hiyo ni ya kulinganisha, na hakuna kinachotokea, halafu unaagiza friji ishuke, na unakaa pale, saa nane ya usiku, macho mekundu, unaangalia hesabu ya nyutroni zikijikusanya moja moja kwenye kioo cha kompyuta mahali ambapo juzi palikuwa tupu. Kinaanza kama fujo tu. Baada ya saa moja unaanza kujiuliza. Baada ya saa tatu kipo, kilele kidogo, pembe ndogo, nusu kabisa ya pale hesabu ya fuwele ingekiweka. Mimi siku ya kwanza nililia na sioni sababu ya kuficha. (Mkiwa na gadolini kwenye sampuli msiende na gadolini ya kawaida, inameza nyutroni zote, mtarudi mikono mitupu, tafuteni isotopu nyingine.)

Nipite haraka kwenye mengine ambayo kila moja lingestahili jioni yake. LaMnO3, oksaidi ya lanthani na manganizi, chini ya kama kelvini 140 inajipanga kwa tabaka, ndani ya tabaka spini zinakwenda pamoja, tabaka linalofuata linapinga. Ukiondoa sehemu ya lanthani ukaweka kalsi mambo yanageuka inakuwa feromagneti inayopitisha umeme, na Wollan na Koehler walishachora ramani yake kwa nyutroni mwaka 1955. TbMnO3, yenye terbi badala ya lanthani, spini zinaanza kujipanga kwenye kelvini 41 hivi, na kwenye 28 hivi zinajisokota, na ule msokoto unazaa utengano wa chaji ya umeme ambao, watu walikuta mwaka 2003, unaweza kuugeuza kwa uga wa sumaku! Na La2CuO4, oksaidi ya lanthani na shaba, antiferomagneti nyingine ya kimya, ndiyo mzazi wa zile supakonda ambazo Bednorz na Müller walizitangaza mwaka 1986, ukiuvunja mpangilio wake kwa kuondoa elektroni kidogo kinachokuja baada ya hapo ni umeme usio na ukinzani.

Lakini siwezi kuondoka bila kusema kuhusu zile zinazokataa. Kuna miundo ambayo jiometri yake hairuhusu kila jirani aridhike. Chukua spini tatu kwenye pembetatu, kila mmoja anataka kuwa kinyume na wenzake wawili. Wa kwanza juu, wa pili chini, wa tatu aende wapi? Popote anapokwenda kuna mmoja hajaridhika. Sasa jenga fuwele nzima ya piramidi zenye ncha nne tu, kila uso ni pembetatu, zilizogusana kwenye ncha, kama Dy2Ti2O7, oksaidi ya disprosi na titani. Pale kila spini inalazimika kuelekea ndani ya piramidi au nje, na kinachopendeza kwa nishati ni mbili ndani na mbili nje. Kuna njia 16 za kuzipanga spini nne, na 6 kati yake zinatimiza sharti, zote sawa, hakuna iliyo bora. Kwa hiyo fuwele inapoa, inapoa, inafika chini ya kelvini 1, na haichagui. Ramirez na wenzake mwaka 1999 walipima entropi yake wakakuta haikutoka yote, karibu asilimia 29 imebaki ndani, na namba hiyo ndiyo ambayo Linus Pauling alikuwa ameikokotoa mwaka 1935 kwa ajili ya barafu ya maji, kwa sababu haidrojeni kwenye barafu zina sharti lile lile, mbili karibu, mbili mbali. Ndo maana tunaiita barafu ya spini. Mwaka 2008 Castelnovo, Moessner na Sondhi wakaonyesha kwamba ukigeuza spini moja ukavunja sharti kwenye piramidi mbili, hizo kasoro mbili zinaweza kuachana na kutembea mbali mbali kila moja kama ncha ya sumaku iliyo peke yake, kaskazini bila kusini.

Hiki ni kimya cha aina nyingine. MnO imenyamaza kwa sababu kila mtu ana mpinzani wake. Hii imenyamaza kwa sababu haijaamua.

Nina kichupa cha pili hapa, unga wake ni mweupe, ndani kuna iterbi badala ya manganizi. Sumaku haishiki, mnaona, ila hilo halituambii kitu tena. Tumeupoza mpaka kelvini 0.05. Uwezo wa joto una nundu pana, mviringo, hauna ncha, karibu na kelvini 1, na chini ya hapo hakuna kilele chochote. Skwidi ilionyesha kijimruko kwenye joto la juu zaidi na safari hii hatukukiandikia hata mstari mmoja, tulirudi kwenye tanuri, na kwenye sampuli ya pili hakipo. Mwezi ujao inaingia kwenye muoni. Kama positroni zitakuja zikizunguka kwa masafa yanayoeleweka, basi ilikuwa imejipanga muda wote na nyutroni zitatuambia vipi. Kama zitapoteza mwelekeo polepole bila kuzunguka, hata kwenye 0.05, basi spini bado zinatembea humo ndani kwenye baridi ambayo zilipaswa zimelala. Yeyote kati yenu anayetaka kukaa zamu ya usiku aje aniachie jina kabla sijafunga hii begi, na nianze na maswali, dada uliyenyoosha mkono pale kando, karibu.